Kamba Nilizofua

Kapu la kamba lilikaa chumba cha mwisho, nyuma ya mlango, na siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisiliguse. Bosi mwenyewe ndiye aliyenionyesha. Alikuwa mhandisi wa madaraja, Mzungu mrefu mwenye sauti ya chini, mtu wa kupanga hata kalamu zake kwa urefu. Alifunua kifuniko nikaona mafungu kumi na mawili ya kamba nyembamba za uzi wa gunia, rangi ya asali, kila moja limekunjwa sawasawa na lenzake. Akasema chumba nifagie, madirisha nipanguse, lakini kamba hizo hushikwa na mtu mmoja tu, naye ni yeye. Nikaitikia kwa adabu. Moyoni nikasema, maringo yote haya kwa ajili ya kamba!

Mimi kamba nilizijua kabla ya kujua kusoma. Nimezaliwa Taita, karibu na shamba la mkonge, na mama yangu alisokota nyuzi za katani pajani kila jioni, akashona vikapu. Nilipofika darasa la tatu nilikuwa nasokota uzi ulionyooka kuliko wake, naye hakupenda nikimkumbusha. Kwa hiyo nilipofika Doha na kupata kazi ya nyumba kule The Pearl, mtaa wa matajiri kando ya bahari, ghorofa ya kumi na nne, halafu mwanamume asiyejua hata mkonge unavyoota akaniambia nisiguse kamba, nilicheka nikiwa jikoni peke yangu. Nilikuwa na kiburi cha kazi wakati ule, na sijui kama kimeniisha.

Walikuwa wawili tu, bosi na mkewe, hawana mtoto. Mke alikuwa mwalimu wa chekechea katika shule ya wageni. Ujanani aliwahi kufundisha Arusha miaka miwili, akarudi na Kiswahili cha huko, safi, cha taratibu, na ndiyo sababu alitafuta mfanyakazi Mkenya. Aliniita dada tangu siku ya kwanza. Akanisihi nami nimwite hivyo hivyo, lakini ulimi ulikataa. Nikabaki na madamu, kama wenzangu wote walivyowaita mabosi wao wa kike.

Mwezi wangu wa nne kazini niliziona alama mikononi mwake. Alikuwa amekunja mikono ya blauzi anamenya karoti, na juu ya kiwiko palikuwa na mistari myekundu, imepangana kama ya mkeka mtu akiulalia. Mimi sijui kuzunguka. Nikamuuliza, "Madamu, bosi anakupiga?"

Alicheka hadi akakaa chini. Alipoona mimi sicheki, akaweka kisu mezani, akanieleza.

Alisema ni ufundi wa Kijapani. Zamani sana askari wa huko walifunga wafungwa kwa kamba, na kila aina ya mfungwa alikuwa na fundo lake. Baadaye mafundo yale yakaingia kwenye michezo ya jukwaani, yakaingia kwenye picha na magazeti ya watu wazima, mpaka yakawa kitu ambacho watu wawili wanaopendana hukifanya kwa hiari yao, mmoja akifunga na mwingine akifungwa. Wazungu waliziona picha kabla ya kuuona mkono uliozitengeneza. Wakaanza kuiga wakiwa majumbani mwao, kwa kamba za pamba, kwa kamba za kuanikia nguo, kwa chochote walichokipata dukani. Wengi wakaumizana. Ndipo wengine wakafunga safari hadi Japani kukaa miguuni mwa walimu, na walimu nao wakaanza kualikwa Ulaya. Bosi alifundishwa na mtu aliyekaa Tokyo miezi kadhaa. Kwanza alilazimishwa kujifunga mguu wake mwenyewe nusu mwaka, na kujua dawa ya kamba: huchemshwa, huvutwa zikikauka, hupitishwa juu ya moto kuondoa vinyuzi, kisha hupakwa mafuta kidogo. Na kabla ya kila kufunga, mwenye kamba huipitisha yote mikononi, shubiri kwa shubiri, akiikagua.

"Kwa nini uridhike kufungwa, madamu?" nikamuuliza.

"Mchana kutwa nashika watoto ishirini, dada. Pale mtu mwingine ananishika mimi. Siogopi, kwa sababu najua amekagua."

Sikumwelewa. Niseme ukweli, nilichukizwa. Ijumaa ile, siku ya mapumziko kule, baada ya ibada kwenye makanisa ya Mesaimeer, nilimweleza rafiki yangu, Mkenya mwenzangu aliyefanya kazi katika dobi ya hoteli moja. Tulikuwa tumekaa kivulini tunakula chapati zake. Alishika mdomo.

"Wee! Hiyo ni ushetani, my dear. Na hii nchi ilivyo, wakishikwa, si hata wewe utabebwa na hao? Hama hiyo nyumba."

Sikuhama. Madamu alikuwa mtu mwema kwangu, na mtu mwema hakuwa wa kuokotwa njiani. Lakini tangu siku hiyo nilipofagia chumba cha mwisho nilipita mbali na lile kapu, na nikimaliza nilinawa mikono mara mbili.

Mara moja tu niliwaona. Mlango ulikuwa wazi kidogo, Jumamosi asubuhi, nami napita na nguo za kupiga pasi. Madamu alikaa kwenye mkeka, amevaa suruali ya mazoezi na fulana, amefumba macho. Bosi alikuwa nyuma yake amepiga magoti, anaipitisha kamba mikononi, polepole, anaitazama kama mtu anayechambua mchele. Hakuwa hata ameanza kumfunga. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyofaa. Nilichoona ni utulivu, na ukanichukiza zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kuona kitu kibaya.

Kiangazi kikafika. Kila mwaka wenye uwezo huihama Doha joto likipanda, nao wakaenda kwao majuma sita. Waliniruhusu nikakae na rafiki yangu kwenye mji jirani wa Al Wakrah majuma mawili ya mwanzo, nikapumzike. Niliporudi nilipokelewa na harufu mlangoni. Kiyoyozi cha vyumba vya nyuma kilikuwa kimekufa, na unyevu wa bahari ukawa umejipenyeza kila mahali. Viatu vya bosi vilikuwa vimeota manyoya ya kijani. Mikoba ya madamu vilevile. Nikaita fundi, kisha nikajifunga kanga kiunoni nikaanza kusafisha, kabati kwa kabati, mpaka nikafika chumba cha mwisho.

Nilipofunua lile kapu, kamba zilikuwa na madoa meusi na zinanuka mafuta yaliyochacha.

Ningeweza kuwapigia simu. Madamu alikuwa ameniachia namba na kuniambia nipige wakati wowote. Sikupiga. Nilijiambia kwamba sitaki kuwasumbua likizoni, na kwamba mimi ndiye mtoto wa mkonge, nani atanifundisha kutunza kamba? Nikajaza maji kwenye bafu, nikazitumbukiza zote kumi na mbili. Halafu nikachukua jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, nikamimina chupa nzima.

Kwetu hatukutia jiki kwenye katani. Mama alifua kwa maji na kuanika, basi. Nilijua hilo hata mkono wangu ulipokuwa umeinamisha chupa. Lakini sikuwa naosha ukungu peke yake. Nilitaka zile kamba zitakate kwa namna ambayo maji hayawezi. Nilitaka kutoa kile nilichokuwa nakinawa mikononi kila siku. Nikaziacha kwenye dawa mpaka kesho yake, nikazikuta nyeupe kama meno.

Nilishtuka kidogo, maana bosi angejua papo hapo. Nikazisuuza mara nne, nikazianika barazani siku tano, halafu nikachukua mafuta yangu ya nazi ya nywele nikazipaka, moja moja, nikizivuta kwa kitambaa. Rangi ikarudi, si ya asali kamili, ila ilikaribia. Nikazikunja kama zilivyokuwa. Nilijipongeza, nikapika ugali.

Waliporudi, bosi aliingia chumba cha mwisho kabla hata ya kufungua masanduku. Akatoka ameshika fungu moja, analinusa.

"Umezifanya nini?" akaniuliza kwa Kiingereza. Hakukasirika. Alikuwa anashangaa tu.

"Zilishika ukungu, sir. Nikazianika juani, nikazipaka mafuta ya nazi."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, sir."

Akaipitisha kamba kati ya vidole, akaivuta kwa nguvu mara mbili mbele yangu. Haikukatika. Kisha akatabasamu, mtu ambaye tabasamu lake lilikuwa adimu, akamwita mkewe. "Nusa hii," akamwambia. "Wenzetu wa kamba kule Ulaya wanabishana miaka na miaka ni mafuta gani yanafaa, na jibu lilikuwa jikoni kwetu." Madamu akanikumbatia, akasema mwenye bahati ni wao. Nami, badala ya kusema, nikainamisha kichwa kwa aibu ya kusifiwa. Nikamweleza bosi habari za mama yangu na katani, naye akasikiliza yote, akauliza maswali. Toka siku ile hata lile katazo lilikufa. Nikawa naruhusiwa kuzianika mwenyewe.

Sifa zile ndizo zilizonifunga mdomo. Kabla yake ningeweza kukiri kwa neno moja. Baada yake ningelazimika kuwaambia kwamba nimewadanganya walipokuwa wananishukuru, na kwamba chupa ile niliimimina kwa sababu nawaona wachafu. Na bosi ndiye aliyekuwa mdhamini wa kibali changu. Angeniondoa nchini kwa karatasi moja. Nilijipa sababu hiyo kila nilipotaka kusema, ingawa nilijua wazi kwamba asingefanya hivyo.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, joto limeanza kupungua. Nilikuwa nakaanga vitunguu. Nikasikia kishindo, kizito, kisha kimya, kisha sauti ya madamu ambayo sitaki kuieleza. Bosi akaniita kwa jina langu, mara tatu.

Katika chumba cha mwisho kulikuwa na fremu ya chuma aliyoichomelea mwenyewe. Mtu aliyezoea kupimia madaraja mizigo yake aliipima fremu ile mara nyingi sana. Alikuwa amemning'iniza madamu kwa ubavu, kama mita moja kutoka sakafuni, na kamba ya kifuani ikakatika. Nilimkuta chini, mkono wa kulia umekunjika chini ya mwili, bosi anazikata kamba zilizobaki kwa mkasi huku akisema samahani, samahani, samahani. Nikamvika madamu gauni la mikono mirefu. Akaninong'oneza kwamba tukifika hospitali tuseme alianguka kwenye ngazi akitundika pazia.

Tulisema hivyo. Muuguzi aliponigeukia na kuuliza kama niliona, sikuishia kuitikia. "Mimi ndiye niliyeshika ngazi," nikasema. Hakuna aliyeniomba niseme hivyo.

Bega lilikuwa limevunjika vibaya. Walimlaza.

Jioni ile bosi alirudi peke yake, akaja jikoni, akaweka mezani vipande viwili vya kamba. Alikuwa na macho ya mtu aliyezeeka tangu asubuhi. "Nisaidie," akasema. "Wewe unajua kamba. Tazama."

Nikatazama. Kamba nzima ikizidiwa hunyofoka kwa nyuzi ndefu, moja baada ya nyingine, na inakupa muda. Hii ilikuwa imekatika fupi, kama biskuti. Ukisugua ncha yake kwa kidole, unga unabaki kidoleni. Sikuhitaji mtu wa kuniambia, ingawa Ijumaa iliyofuata nilimuuliza rafiki yangu wa dobi habari za jiki kwa jumla, naye akaniambia hata hivyo, bila kujua anachonifanyia: "Jiki kwa vitu za gunia? Zii! Hiyo inakula uzi pole pole. Unaona ni sawa, lakini ndani kumeisha."

"Ulizianika tu?" bosi akaniuliza tena. "Juani, na mafuta?"

Aliuliza kwa upole. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi kwamba ningemgusa. Ile ndiyo nafasi niliyopewa, na ilikuwa pana kabisa, hakuna aliyenisukuma.

"Ndiyo, sir," nikasema. "Jua la Doha ni kali."

Akaitikia kwa kichwa. Akakusanya vile vipande, akasema, "Basi ni macho yangu."

Madamu alirudi baada ya siku nane, mkono umefungwa kifuani. Wiki za kwanza walizungumza kwa upole, kama watu wenye mgonjwa mwingine ndani ya nyumba. Halafu siku moja, mimi naosha vyombo, nikawasikia sebuleni.

"Niliipitisha yote mikononi," bosi alikuwa anasema. "Yote. Shubiri kwa shubiri."

"Ungeipitisha ungeona."

"Nilikagua."

"Ulikuwa na haraka. Sema tu kwamba ulikuwa na haraka, nitakusamehe. Lakini usiniambie ulikagua."

Bosi hakutaka kukiri kosa ambalo hakulifanya, na mkewe hakutaka kusikia kingine. Nilikuwa nimeshika sahani, povu linanitiririka hadi viwikoni. Kutoka pale hadi sebuleni ni hatua saba, nilizizoea. Nikaisuuza ile sahani, nikachukua nyingine.

Hawakugombana tena baada ya hapo. Ingekuwa heri wangegombana. Madamu hakuweza kuinua mkono kupita sikio, akawa haandiki ubaoni, hasuki watoto nywele, na nadhani kila aliposhindwa alimwona mumewe amepiga magoti kwenye mkeka ule, na hakujua tena alikuwa anaona nini. Kabla ya Krismasi aliondoka. Alisema anaenda kwa daktari wa kwao. Masanduku yalikuwa matano. Pale mlangoni alinikumbatia kwa mkono mmoja, akanishukuru kwa siku ile ya hospitali, kwa ngazi. "Hata hivyo wewe hukuniangusha, dada," akasema.

Bosi alizikata kamba zote kumi na mbili vipande vya shubiri shubiri, akazitia kwenye mfuko mweusi wa taka, akaniomba nikautupe. Mkataba wake ulipoisha alinitafutia familia nyingine, watu wazuri wenye watoto watatu, na akaniandikia barua ya kunisifu. Neno alilolirudia mara mbili katika barua hiyo ni mwaminifu. Niliitumia miaka mingi. Imenipatia kazi mbili.

Sasa nimesharudi nyumbani. Mwaka wangu wa mwisho Doha, watu wote walikuwa wameshahamia kwenye simu, na madamu akanitafuta mpaka akanipata. Tulianza kuandikiana. Alinitumia picha: mvi zimeingia, bega moja limeshuka. Aliniambia amerudi kwenye kamba, hafungwi tena, ila anafundisha. Alisema siku hizi watu ni wengi, kila mji una kumbi zake, vijana wanajifunza kwenye video kwa wiki moja kisha wanataka kuning'inizana, na kazi yake ni kuwatia hofu. Anasimama mbele yao, anajaribu kuinua mkono, unaishia sikioni, halafu anawasimulia habari za mwanamume mwangalifu, mhandisi wa madaraja, ambaye siku moja hakukagua kamba. Alisema kisa kimesafiri kuliko yeye. Alienda mji ambao hajawahi kufika, akakuta mgeni anamsimulia yeye mwenyewe, bila kujua ni nani, na kule mhandisi alikuwa ameshakuwa mlevi.

Nikamuuliza bosi yuko wapi. Akajibu kwamba hajui vizuri, anasikia yuko kwenye ujenzi nchi nyingine, hajaoa, na kamba hajashika tena.

Ilinichukua Ijumaa tatu kuandika. Niliandika nikafuta, nikaandika kwa kuzunguka, mimi nisiyejua kuzunguka. Mwishowe nikaandika kama ilivyokuwa: bafu, chupa nzima, usiku kucha, mafuta ya nazi ya kuficha. Nikaandika kwamba niliulizwa mara mbili, na mara zote mbili nilidanganya. Nikaandika pia kwa nini nilitia jiki, kwamba niliwaona wachafu, nikamwomba msamaha kwa hilo kabla ya mengine. Nikatuma. Alama mbili zikawa za buluu saa ile ile.

Siku tatu hakuandika kitu. Nilibeba simu hadi jikoni, hadi bafuni, hadi Mesaimeer. Nilijiandaa kwa matusi, na kwa kuwa nilikuwa nimemzoea kwa wema wake, nadhani kichinichini nilijiandaa pia kusamehewa.

Siku ya nne akajibu, kwa Kiswahili chake cha Arusha, bila salamu.

"Alipiga magoti pale hospitalini akaniapia kwamba alikagua. Nilimwambia ni mwongo."